Msimamizi wa Bidhaa na Mtafuta Soko: Historia ya Kazi Mbili, Majina Yake na Usaili Wake

Utangulizi

Mfasiri anayeletewa tangazo la kazi na kampuni ya simu, benki au watengenezaji wa programu za kompyuta hukutana siku hizi na vyeo viwili vinavyofanana kama pacha. Kwa Kiingereza vyote viwili huanza na neno lenye maana ya bidhaa, na vyote viwili huishia na neno meneja. Kinachovitenga ni neno moja tu la katikati, lenye kuhusu soko, ambalo katika cheo kimoja limo na katika kingine halimo. Kwa ufupisho cha kwanza huandikwa PM na cha pili PMM. Katika tafsiri za Kiswahili, mara nyingine cheo cha kwanza huitwa "meneja bidhaa" na cha pili "meneja masoko". Mara nyingine vyote viwili hupewa jina moja. Na mara nyingine majina hayo hubadilishana mahali.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa jambo hili ni dogo. Lakini jina la kazi ndilo la kwanza kumfikia mwombaji, na kwa jina hilo hujiandaa. Mwombaji aliyesoma "meneja masoko" hukaa usiku akitayarisha maelezo ya jinsi atakavyouza. Akiingia katika chumba cha usaili akaulizwa ni sehemu gani ya bidhaa angeiondoa, na kwa ushahidi gani, hana la kusema. Mtu huyo hakushindwa na kazi. Ameshindwa na jina. Na aliyempotosha si msaili, bali ni yule aliyetafsiri tangazo.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: kwanza, jinsi kazi hizi mbili zilivyozaliwa kutokana na kazi moja, pili, jinsi usaili wa kila moja ulivyo na unavyofaa kuandaliwa, na tatu, majina ambayo Kiswahili kinaweza kuzipa kazi hizi ili jina libebe wajibu wenyewe.

Chimbuko: biashara ya sabuni

Kazi zote mbili zina babu mmoja, naye alikuwa mtu wa sabuni. Kampuni ya Procter & Gamble ilianzishwa mwaka 1837 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Sabuni yake iliyopata sifa kubwa, Ivory, ilitolewa mwaka 1879. Mwaka 1926 kampuni hiyo ikatoa sabuni nyingine, Camay. Kijana mmoja aliyekuwa akishughulikia matangazo ya Camay, jina lake Neil McElroy, alitambua kwamba sabuni hiyo ilikuwa ikishindana si na sabuni za makampuni mengine tu, bali pia na Ivory, ndugu yake wa nyumba moja. Camay haikuwa na mtu wake mwenyewe wa kuitetea.

Tarehe 13 Mei 1931 McElroy aliwaandikia wakubwa wake waraka wa kurasa tatu. Alipendekeza kila chapa ya bidhaa ipewe watu wake, ambao dhima yao ni chapa hiyo peke yake. Mtu wa chapa, kwa mujibu wa waraka huo, alitakiwa achunguze hesabu za bidhaa zilizopelekwa katika kila eneo. Mahali ambapo chapa inanunuliwa vizuri, ajue ni jitihada gani zilizoleta matokeo hayo, kisha azitumie mahali pengine panapofanana napo. Mahali ambapo chapa ni dhaifu, aende mwenyewe akazungumze na wenye maduka na watumiaji, agundue kiini cha udhaifu, atayarishe mpango wa kuuondoa, na baadaye apime kama mpango huo umefaulu. McElroy alipanda vyeo hadi akawa rais wa kampuni hiyo mwaka 1948, na kuanzia mwaka 1957 hadi 1959 alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Kuna mambo mawili katika waraka huo ambayo yafaa tuyakumbuke. La kwanza ni kwamba mtu wa chapa hakuwa mkuu wa kiwanda wala mkuu wa wauzaji. Alipewa dhima bila kupewa amri. Ilimlazimu awashawishi watu asiowatawala, na njia yake ya kuwashawishi ilikuwa ni ushahidi. La pili ni kwamba mtu huyo mmoja alikusanya mikononi mwake shughuli ambazo leo zimegawanywa: kujua kasoro ya bidhaa na kuitafutia dawa, na kujua namna ya kuieleza bidhaa kwa wanunuzi.

Mgawanyiko: biashara ya programu za kompyuta

Kwa sabuni, mtu mmoja aliweza kuyabeba yote mawili, kwa kuwa sabuni hubadilika polepole. Ikishapata umbo, rangi na harufu yake, inaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa. Sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ni kuieleza, kuipangia bei na kuifikisha dukani. Programu ya kompyuta haiko hivyo. Kila baada ya miezi michache huongezwa jambo na kuondolewa jingine, na kila uamuzi wa aina hiyo huhitaji mtu anayeielewa lugha ya wahandisi na pia haja ya mtumiaji.

Daraja la kutoka kwenye sabuni hadi kwenye kompyuta linaonekana katika historia ya Scott Cook. Baada ya kufanya kazi Procter & Gamble, Cook alishirikiana na Tom Proulx kuanzisha kampuni ya Intuit mwaka 1983, iliyotengeneza programu ya hesabu za nyumbani iitwayo Quicken. Kampuni hiyo ilijenga desturi ya kumfuata mnunuzi hadi nyumbani kwake, kwa ridhaa yake, na kumtazama anavyoitumia programu kwa mara ya kwanza. Desturi hiyo inafanana sana na agizo la McElroy la kwenda kuonana na watumiaji, ila sasa jambo lililotafutwa halikuwa namna ya kutangaza bidhaa, bali namna ya kuitengeneza upya.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, kampuni ya Microsoft ilikuwa ikitengeneza Excel kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, programu iliyotoka mwaka 1985. Jabe Blumenthal alishika kazi mpya ya kukaa kati ya wahandisi na watu wa soko, akiandika kwa kina jinsi programu itakavyofanya kazi. Kazi hiyo ikapewa cheo kingine kabisa, na cheo chenye maana ya "meneja wa bidhaa" kikabaki kwa watu wa upande wa soko. Katika makampuni mengine cheo hicho hicho kilitumiwa kwa mtu aliyekaa na wahandisi. Hivyo, hata katika Kiingereza, jina moja lilikuwa na maana mbili, kwa kutegemea mlango wa kampuni gani umeubisha. Mfasiri wa Kiswahili asidhani kuwa utata huu umeletwa na lugha yake.

Mwaka 2002 kampuni ya Google, chini ya uongozi wa Marissa Mayer, ilianzisha mpango wa kuajiri vijana waliotoka chuoni, wenye ujuzi wa kompyuta, na kuwafundisha usimamizi wa bidhaa. Mpango huo uliigwa na makampuni mengi, nao ulisaidia kuimarisha maana inayotawala leo: PM ni mtu wa upande wa utengenezaji.

Upande wa soko nao haukulala. Mwaka 1981 Al Ries na Jack Trout walitoa kitabu kilichoeneza wazo kwamba bidhaa ina nafasi yake akilini mwa mteja, na kwamba nafasi hiyo yapaswa kuchaguliwa kwa makusudi badala ya kuachwa itokee yenyewe. Mwaka 1991 Geoffrey Moore alieleza kwamba kati ya wapenda mapya, ambao hununua kila kifaa kinachotoka, na wateja wa kawaida, kuna pengo ambalo bidhaa nyingi hutumbukia humo. Maneno yaliyowavuta wale wa kwanza hayawavuti hawa wa pili. Kuanzia hapo ikadhihirika kwamba kuieleza bidhaa ni kazi ya kitaalamu inayojitegemea.

Kwa kifupi, msimamizi wa bidhaa hujibu swali hili: tutengeneze nini, kwa ajili ya nani, na kwa nini hiki kitangulie kile? Mtafuta soko wa bidhaa hujibu swali hili: nani aambiwe, aambiwe nini, kwa njia gani, na kwa nini asadiki?

Mfano ulio karibu nasi: M-Pesa

Tofauti hii inaonekana vizuri katika bidhaa inayojulikana kwa kila msomaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya, kwa msaada wa fedha wa idara ya Serikali ya Uingereza iliyoshughulikia maendeleo ya kimataifa, zilianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu. Walishirikiana na Faulu Kenya, asasi ya mikopo midogo, na nia ya awali ilikuwa kumwezesha mkopaji kupokea na kurejesha mkopo wake kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, walioiongoza kazi hiyo kwa upande wa Vodafone, walieleza mwaka 2007 kwamba wateja wa majaribio walianza kuitumia huduma kwa mambo ambayo hayakukusudiwa. Walitumiana fedha. Walilipiana mikopo. Waliwanunulia jamaa zao muda wa maongezi. Wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walipofika, ili wasizibebe njiani.

Huduma ilipozinduliwa rasmi nchini Kenya tarehe 6 Machi 2007, marejesho ya mikopo, ambayo yalikuwa shina la mpango, yalikuwa yamewekwa kando. Kilichopelekwa kwa umma kilikuwa huduma nyepesi ya kuweka, kutuma na kutoa pesa, na ujumbe wake ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka huo haujaisha, waliojisajili walikwisha kufika milioni moja. Mwaka 2008 huduma ikaingia Tanzania kwa njia ya Vodacom.

Tuutenganishe uamuzi huu katika sehemu zake. Kutazama matumizi yasiyotarajiwa, kuyapima, na kuamua kwamba marejesho ya mikopo yasubiri ili kutumiana pesa kutangulie, hiyo ni kazi ya usimamizi wa bidhaa. Kuchagua kwamba wa kwanza kuambiwa awe mfanyakazi wa mjini mwenye wazazi kijijini, na kwamba aambiwe jambo moja tu ambalo tayari lilikuwa likimsumbua kila mwisho wa mwezi, hiyo ni kazi ya utafutaji soko. Huduma ingeweza kuelezwa kwa njia nyingi: benki ndogo mfukoni, mkoba usioibiwa, njia mpya ya kulipa. Maelezo yote hayo yangekuwa kweli. Lililochaguliwa ni lile ambalo mteja hakuhitaji kufundishwa haja yake. Kazi ya kwanza bila ya pili ingezaa huduma nzuri isiyojulikana; ya pili bila ya kwanza ingetangaza huduma isiyotakiwa.

Historia fupi ya usaili

Neno usaili, linalotokana na kitenzi kusaili, limezoeleka sana Tanzania katika shughuli za ajira, na pamoja nalo tumepata msaili na msailiwa. Kenya husikika zaidi mahojiano ya kazi. Maneno yote mawili yanafaa, ila usaili lina faida ya kutochanganyika na mahojiano ya wanahabari.

Usaili wenyewe umepitia mabadiliko mengi. Mwaka 1921 magazeti ya Marekani yalichapisha maswali ambayo Thomas Edison aliwapa waombaji wa kazi katika kampuni yake. Yalikuwa zaidi ya mia moja, yakihusu jiografia, historia, sayansi na ufundi, na watu wengi waliosoma vyuoni walishindwa kuyajibu. Ubishi mkubwa ulitokea, na hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba kukumbuka mambo mengi si sawa na kuijua kazi.

Baadaye likaenea swali la makadirio. Mwanafizikia Enrico Fermi, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, anakumbukwa kwa swali la idadi ya mafundi wa piano katika mji huo. Makampuni ya kompyuta yaliyapenda maswali ya namna hiyo, na mengine yakaongeza mafumbo ya kuchemsha bongo. Lakini mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa shughuli za wafanyakazi wa Google, alisema hadharani kwamba mafumbo hayo hayakubashiri lolote kuhusu utendaji wa mtu kazini.

Watafiti Frank Schmidt na John Hunter, katika makala yao ya mwaka 1998 yaliyojumlisha utafiti wa miaka 85, walionyesha kwamba usaili uliopangwa, ambamo kila mwombaji huulizwa maswali yale yale na kupimwa kwa mizani ile ile, hubashiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo yasiyo na mpango. Uchambuzi wa mwaka 2022 ulioongozwa na Paul Sackett ulipunguza makadirio mengi ya zamani, lakini usaili uliopangwa ulibaki mstari wa mbele. Hii ni habari njema kwa mwombaji, kwa sababu usaili uliopangwa unaweza kuandaliwa.

Maandalizi ya usaili wa usimamizi wa bidhaa

Msailiwa wa usimamizi wa bidhaa hana budi kutazamia aina nne za maswali. Ya kwanza ni ya ubunifu wa bidhaa: huambiwa atengeneze au arekebishe kitu fulani. Kosa la kawaida hapa ni kukimbilia suluhisho. Wasaili hupenda kumsikia kwanza akiuliza: ni kwa ajili ya nani, na shida yake ni ipi?

Ya pili ni ya vipimo. Kwa mfano: wateja wengi wanajisajili katika huduma yetu ya kutuma pesa, lakini hawatumi mara ya pili; utafanya nini? Jibu jema huanza kwa kuligawa tatizo. Je, ni wateja wa eneo moja au wa kila mahali? Ni wale waliosajiliwa na wakala mmoja? Walijaribu wakashindwa, au hawakujaribu kabisa? Kisha msailiwa hutaja kipimo kimoja ambacho kingemjulisha kuwa dawa yake inafanya kazi.

Ya tatu ni ya makadirio. Chukua swali hili: mji wenye watu 200,000 unahitaji mafundi cherehani wangapi kwa sare za shule peke yake? Tukidhani kila kaya ina watu watano, tunapata kaya 40,000. Tukidhani kila kaya hushonesha sare mbili kwa mwaka, tunapata sare 80,000. Fundi anayeshona sare mbili kwa siku katika siku 200 hutoa sare 400. Basi mafundi 200 watatosha. Dhana hizi zote zaweza kupingwa, na hilo ndilo lengo. Msaili hatafuti idadi ya mafundi. Anatafuta kuona kama msailiwa anazitaja dhana zake wazi, na kama anajua ni ipi kati yake ikibadilika itabadilisha jibu zaidi.

Ya nne ni ya mwenendo: eleza wakati ulipokosana na mhandisi, au ulipolazimika kusema hapana kwa mkubwa wako. Hapa urithi wa McElroy unaonekana waziwazi, maana kinachopimwa ni namna ya kuongoza pasipo amri.

Maandalizi ya usaili wa utafutaji soko wa bidhaa

Msailiwa wa utafutaji soko hupewa mizani nyingine. Huulizwa namna ya kuligawa soko katika makundi, na kulitetea kundi alilolichagua. Huulizwa nafasi ya bidhaa mbele ya washindani wake. Huulizwa mpango wa uzinduzi, bei, na jinsi atakavyowapa wauzaji maneno na vielelezo vya kufanyia kazi. Mara nyingi hupewa zoezi la kuandika au la kuwasilisha mbele ya jopo, kwa kuwa maandishi yenyewe ni sehemu ya kazi.

Tuchukue swali hili: kampuni inataka kuipeleka huduma yake ya malipo kwa wakulima wa kahawa, utaanzaje? Anayejibu kwa kutaja redio, mabango na fulana amejibu swali la matangazo, ambalo ni tawi tu. Jibu jema huanza kwa mkulima. Hulipwa lini na nani? Je, analipwa na chama cha ushirika mara chache kwa mwaka, na kama ndivyo, fedha nyingi zikija kwa pamoja humtia hofu gani? Leo anaitatuaje hofu hiyo? Huyo au hicho anachokitumia leo ndicho mshindani halisi, hata kama ni kibubu cha chini ya kitanda. Baada ya hapo msailiwa hutunga sentensi moja ambayo mkulima angeweza kuirudia kwa jirani yake bila kuikosea, kisha hueleza nani aitamke sentensi hiyo ili iaminike: wakala, katibu wa chama, au mkulima mwenzake. Mwisho hutaja atakavyojua kuwa imepokewa.

Liko swali moja linaloulizwa katika saili zote mbili: taja bidhaa unayoipenda na sababu zake. Msimamizi wa bidhaa hutazamiwa aeleze haja ambayo bidhaa inaitimiza, uamuzi mgumu uliofanywa na waliotengeneza, na jambo ambalo yeye angelibadilisha. Mtafuta soko hutazamiwa aeleze bidhaa inamlenga nani, inajieleza vipi, inajitenga vipi na wenzake, na kundi gani jingine lingeweza kufikiwa. Mwombaji anayetaka kujipima ajibu swali hili mara mbili kwa bidhaa moja, kila mara akivaa joho jingine. Akiona majibu yake mawili yanafanana, bado hajaielewa tofauti.

Kuhusu majina

Sasa turudi kwenye kazi yetu wenyewe. Utaratibu wa kuunda istilahi unatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa. Tuyapime maneno yaliyopo.

Neno masoko, likiwa jina la shughuli, lilikomaa katika mazingira ya ushirika na mazao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilikuwa na Wizara ya Ushirika na Masoko, na hapo masoko yalimaanisha hasa njia za mkulima kuuza mazao yake. Katika maana hiyo bidhaa iko tayari. Linalotafutwa ni mnunuzi. Kwa sababu hiyo, "meneja masoko" humfanya msomaji afikirie mauzo. Aidha, "masoko ya bidhaa" yaweza kueleweka kuwa ni mahali bidhaa zinapouzwa.

Kunadi ni neno lenye nguvu, na siku hizi hata wagombea hunadi sera zao. Hata hivyo mnadi hupaza sauti tu, hatakiwi kusikiliza. Mwenezi, tulilolizoea katika vyama vya siasa, lina upungufu huo huo. Kazi tunayoizungumzia inafanana zaidi na ya mshenga, ambaye hupeleka posa kwa maneno yaliyochaguliwa, kisha hurudi na jibu, pamoja na masharti, kwa waliomtuma. Mshenga haliwezi kuwa istilahi, lakini lifae kuwa kielelezo darasani. Kwa istilahi tunapendekeza mtafuta soko wa bidhaa, na shughuli yake utafutaji soko wa bidhaa, kwa kuwa kutafuta kumebeba ndani yake kuchunguza, na watu wote husema "kutafuta soko la bidhaa" bila kufundishwa.

Kwa cheo cha kwanza, meneja ni neno lililokwisha kuzoeleka, lakini humpa mwombaji picha ya mtu mwenye ofisi na wafanyakazi chini yake, hali msimamizi wa bidhaa aghalabu hana hata mmoja. Neno msimamizi linafaa zaidi tukilichukua katika maana ya msimamizi wa mirathi. Huyo hamiliki mali anayoisimamia, wala hawatawali warithi. Lakini ndiye atakayeulizwa kila kitu kiko wapi na kwa nini kimegawanywa hivyo. Hiyo ndiyo hali hasa ya msimamizi wa bidhaa.

Maneno mengine yanayoambatana na kazi hizi tayari yanapatikana: kundi la wateja, nafasi ya bidhaa, mshindani, uzinduzi, kipaumbele, kipimo cha mafanikio, mpango wa hatua. Hakuna haja ya kuyakopa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kazi mbili zilizotoka katika waraka mmoja wa mwaka 1931 zilitengana bidhaa ilipoanza kubadilika haraka kuliko mtu mmoja alivyoweza kuifuata, na kwamba usaili wa kila kazi unapima jambo lake. Jambo hili haliwahusu watu wa makampuni peke yao. Uingereza ilianzisha idara ya huduma za serikali za kidijitali mwaka 2011, na usimamizi wa bidhaa sasa ni taaluma inayotambuliwa katika utumishi wake wa umma. Serikali zetu nazo zinawapa wananchi huduma nyingi kwa njia ya simu na kompyuta, na kila huduma ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuamua nini kitangulie, na mtu wa kuhakikisha kuwa mwananchi anaijua na kuielewa.

Hivyo basi, mfasiri anayeletewa tangazo la kazi asiridhike na cheo. Asome orodha ya majukumu, aulize kama mhusika atakaa na wahandisi au na wauzaji, kisha achague jina. Na chini ya jina aweke sentensi moja inayotaja swali ambalo mwenye kazi atalijibu. Mwalimu naye awape wanafunzi wake bidhaa moja na awafanye waijibie maswali ya pande zote mbili. Afisa wa ajira ahakikishe kuwa maswali ya usaili yanalingana na jina lililotangazwa. Majina tuliyoyatoa hapa ni mapendekezo, na wasomaji wenye mengine yaliyo bora wanaombwa wayatoe pamoja na sababu zake, yapate kupimwa kabla ya kusanifishwa.